Vinoo vya mawe ya asili: kipi kwa kisu, kipi kwa wembe

Ukitaka kununua kinoo cha jiwe la asili, usianze kwa kuuliza jiwe lipi ni laini kuliko yote, yaani linaloacha mikwaruzo miembamba zaidi, hata likiwa gumu. Anza na unachonoa, na chuma chake. Wengi huanzia mwisho: wanasikia sifa za jiwe fulani, wanalisaka mpaka wanalipata, kisha wanashangaa kisu cha jikoni hakipati hata baada ya kusuguliwa nusu saa. Jiwe halina kosa. Limepewa kazi isiyo yake.

Kinoo hukata kwa sababu kina punje ngumu kuliko chuma. Katika mawe ya asili punje hizo karibu kila mara ni kwatzi au ganeti. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kwatzi iko 7, na ganeti huanzia 6.5 hadi 7.5. Kwa feleji ya kaboni, ile inayoshika kutu ukiiacha na maji, ugumu huo unatosha kabisa. Kwa chuma cha kawaida kisichoshika kutu pia unatosha, ila kazi inakwenda polepole zaidi. Tatizo ni vyuma vya kisasa vyenye vanadiamu nyingi. Ndani yake mna chembe za kabaidi ambazo ni ngumu kuliko kwatzi na kuliko ganeti. Jiwe la asili huukwangua ule uchuma unaozizunguka, zenyewe zikabaki palepale, na makali yanayotoka ni hafifu. Kama kisu chako ni cha chuma hicho, nunua sahani ya almasi, na haya mengine uyasome kwa kujifurahisha tu.

Jambo la pili la kuliweka sawa mapema: kisu kilichobutuka kabisa au chenye pengo usikianzishe kwenye jiwe lolote nitakalolitaja hapa. Kianzishe kwenye kinoo cha kiwandani cha namba 1000 au chini yake (namba ikiwa ndogo, punje ni kubwa). Mawe ya asili yana thamani yake katikati na mwishoni mwa kazi. Hata watu walioyapenda maisha yao yote huwa na kinoo cha kiwandani mahali karibu.

Arkansas

Jiwe hili linatoka milima ya Ouachita, jimbo la Arkansas nchini Marekani, hasa maeneo yanayouzunguka mji wa Hot Springs. Wanajiolojia huliita novakulaiti: ni kwatzi ya chembe ndogo sana zilizoshikana, na katika aina zilizo safi silika huzidi asilimia 99. Wenyeji wa kale wa milima ile walilichonga kuwa vichwa vya mishale muda mrefu kabla halijafika dukani.

Madaraja yake ndiyo huwachanganya wanunuzi. Utayaona yameandikwa Washita, Soft, Hard, Black na Translucent, na mtu hudhani moja lina punje kubwa na jingine ndogo. Kinachotofautiana zaidi ni jinsi chembe zilivyobanana. Jiwe lenye vijitundu vingi huacha chembe zichomoze juu ya uso, kwa hiyo hukata upesi na kuacha mikwaruzo inayoonekana. Lililobanana bila nafasi hukata kwa uvivu na kung'arisha. Ndiyo maana kipimo cha kuaminika ni uzito mahususi. Kwatzi tupu ina 2.65, jiwe linavyoikaribia namba hiyo ndivyo linavyokuwa laini zaidi, na Soft hushuka hadi karibu 2.2. Unaweza kulipima mwenyewe: pima uzito wa jiwe likiwa kavu, lifunge uzi ulipime tena likining'inia ndani ya maji bila kugusa chini, halafu gawanya uzito wa kwanza kwa tofauti ya vipimo hivyo viwili. Jiwe ambalo limeshanyweshwa mafuta litakudanganya, kwa hiyo fanya hivyo likiwa jipya.

Rangi haikuambii kitu. Jeupe, la kijivu, jeusi, lenye mistari ya rangi ya chungwa, yote yanaweza kuwa ya daraja moja. Black na Translucent kwa kazi ya kumalizia ni ndugu, na sioni sababu ya kulipia zaidi kwa ajili ya lile linalopitisha mwanga, isipokuwa kama unalipenda kwa macho.

Uzuri wa Arkansas ni kwamba halichakai kirahisi. Vinoo vingi vya kiwandani huingia bonde katikati, nawe unalazimika kuvisawazisha kila mara, lakini Translucent nzuri inaweza kukaa miaka bila bonde la kuonekana. Ugumu huohuo ndio mzigo wake: likikufikia halijanyooka, kulinyoosha ni kazi ya jasho. Tena uso wake hubadilika kadiri linavyotumika. Likisawazishwa kwa unga wenye punje kubwa hukata kwa hamu. Likishasuguliwa na visu kwa muda mrefu hulainika na kupoa. Mtu mjanja hutumia tabia hiyo kwa faida yake. Upande mmoja anaukwaruza, mwingine anauacha uteleze, na jiwe moja linafanya kazi ya mawili.

Mafuta unayolipaka unaponoa yawe mepesi na ya madini. Mafuta ya kupikia hukauka yakawa gundi, yakaziba vijitundu, na jiwe likaacha kukata. Maji yenye tone la sabuni pia yanafaa, mradi ushike njia moja tangu mwanzo.

Coticule

Hili ndilo jiwe ninalolipenda kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Linatoka Ardennes, mashariki mwa Ubelgiji, karibu na mji wa Vielsalm. Lina rangi ya krimu au manjano, na limelala ardhini kama tabaka jembamba katikati ya mwamba wa rangi ya zambarau na buluu. Tabaka lenyewe mara nyingi ni la sentimita chache tu, na ndiyo sababu vinoo vingi vya coticule vimegandishwa juu ya kipande cha sleti ili visivunjike. Vingine vina mgongo wa ule mwamba wa buluu uliotoka nao ardhini, bila gundi. Hivyo ni vizuri kuvitazama, lakini ukiweka makali juu yake hutaona tofauti.

Ndani ya jiwe mna chembe za ganeti, nyingi zikiwa na ukubwa wa mikroni chache hadi kama 15, zimejaa kiasi cha thuluthi ya jiwe lote au zaidi. Ganeti hujiumba kwa nyuso nyingi zenye pembe butu, si kama kipande cha kioo kilichovunjika. Kwa hiyo kila chembe hukwaruza chuma kwa kina kifupi kuliko ungetarajia kwa ukubwa wake. Hapo ndipo ilipo siri ya jiwe hili: punje zake si ndogo sana, lakini makali yake ni ya upole.

Kinachofuata hakipatikani kwa urahisi kwenye mawe mengine. Unalowesha jiwe, unachukua kipande kidogo cha coticule hiyohiyo na kukizungusha juu yake mpaka maji yawe meupe mazito kama maziwa. Ule uji umejaa ganeti zinazobingirika, na sasa jiwe linakata kwa kasi. Weka wembe, ule wa kukunja wa kinyozi, piga mikupuo bila kukandamiza, na baada ya muda mfupi weupe unaanza kuingia ukijivu. Ukijivu huo ni chuma chako. Angalia pia maji yanayotangulia makali: yakikimbia mbele kwa upana mmoja kutoka ncha hadi kisigino, mteremko, yaani ule uso wa mshazari unaoishia kwenye makali, umegusa jiwe wote, yakikatika mahali, pale makali bado hayajafika. Makali yakishakaa sawa, dondosha tone moja la maji kwa kidole, piga mikupuo kadhaa, ongeza tone jingine. Uji unapungua, kasi inapungua, mikwaruzo inakuwa miembamba. Mwishowe unabaki na maji matupu, na wembe unaanza kunata kwenye jiwe kana kwamba unavutwa. Hapo umemaliza, umebakiza kuupitisha wembe kwenye mkanda wa ngozi.

Jiwe moja, basi, limefanya kazi ya vinoo viwili au vitatu. Linadai mkono unaosikiliza, na kila coticule ina mwendo wake: moja itakata haraka hata kwa maji matupu, nyingine bila uji haifanyi lolote. Wanaoyachimba huyataja kwa majina ya matabaka, kama La Veinette au La Dressante, na wanunuzi hubishana sana juu ya lipi ni bora. Nionavyo mimi, tofauti kati ya mawe mawili ya tabaka moja inaweza kuwa kubwa kuliko ile iliyopo kati ya tabaka na tabaka. Usilipie jina.

Lile jiwe la mwamba wa buluu pia huuzwa kama kinoo. Lina ganeti chache zaidi, hukata polepole, ni nafuu, na hupatikana kwa vipande vikubwa. Kwa kisu cha jikoni ni chaguo zuri sana na watu hulipuuza bila sababu.

Mawe ya Kyoto

Wajapani hugawa vinoo katika ngazi tatu: arato vya kuanzia, nakato vya katikati, na awasedo vya kumalizia. Amakusa, kutoka mkoa wa Kumamoto, hufahamika zaidi kama jiwe la katikati, na aoto, jiwe la eneo la Tanba, nalo limo humohumo. Lakini yaliyobeba sifa duniani ni awasedo za milima inayoizunguka Kyoto, kutoka machimbo kama Nakayama, Ozuku, Shinden na Ohira. Ni miamba ya udongo wa bahari uliogandamizwa, yenye silika ya viumbe vidogo vya kale. Machimbo mengi yamefungwa, kwa hiyo kinachouzwa leo kwa sehemu kubwa ni akiba ya zamani.

Kama una kisu cha Kijapani cha chuma cha tabaka mbili, feleji ngumu ndani na chuma laini nje, hakuna jiwe litakalokupa sura yake kama haya. Chuma laini huwa na ukungu wa kijivu usiong'aa, feleji iliyo kwenye makali inang'aa, na mstari kati yake unaonekana wazi. Kinoo cha kiwandani huelekea kung'arisha vyote kwa pamoja, na mpaka huo unafifia. Kwa yanagiba au usuba, visu vyenye mteremko upande mmoja, hilo si pambo tu: mteremko ni mpana, unalala wote juu ya jiwe, na jiwe la asili lenye uji kiasi hulisha upana huo wote bila kuacha milia.

Kuchagua ndiko kugumu. Wauzaji hulipima jiwe kwa ugumu, mara nyingi kwa ngazi 1 hadi 5. Kanuni nyepesi ni hii: gumu kwa wembe, la wastani kwa kisu. Jiwe gumu halitoi uji wake upesi, na wembe unataka hivyo. Kisu chenye mteremko mpana kikiwekwa juu ya jiwe hilohilo hutelezateleza na kukwaruzwa. Jiwe la wastani hujimega kidogo, hutoa uji, na kisu kinapenda. Ukiona jina suita, ni tabaka ambalo mara nyingi lina vijitundu vidogo na hukata kwa kasi. Tomae kwa kawaida hujipasua vizuri na limenyooka, linafaa kwa mtu anayeanza.

Chunguza mistari. Mistari mingi ni rangi tu. Mingine ina chembe ngumu itakayochora makali yako kila inapopita. Pitisha ukucha, kisha upande wa kisu cha zamani, polepole, ukivuka mstari: ukisikia mkwaruzo, hapo pana kasoro. Na usiliache jiwe la Kyoto ndani ya maji. Limejengwa kwa matabaka, maji huingia ubavuni na kulipasua. Ndiyo sababu wenye nayo hupaka mbavu zake vanishi, wakaacha uso wa juu tu.

Thuringia na mengine

Mawe ya Thuringia, Ujerumani, yaliuzwa kwa miaka mingi na kampuni ya Escher kutoka mji wa Sonneberg, yakiwa na lebo ubavuni inayotaja rangi: buluu iliyokoza, kijani hafifu, manjano ya kijani. Ni sleti laini ya kumalizia nyembe, hutoa uji mwepesi, na makali yake husifiwa kwa ulaini usoni. Leo Escher halisi ni bidhaa ya mitumba, na lebo ikiwepo inapandisha thamani zaidi ya jiwe lenyewe. Kama anayeuza anataka pesa nyingi kwa sababu ya karatasi iliyobandikwa, coticule nzuri itakupa matokeo ya kukaribia sana.

Eidsborg, katika Telemark ya Norwei, palichimbwa vinoo vilivyosafiri hadi nchi nyingine tangu enzi za Waviking. Ni jiwe la visu vya kazi na mundu, si la wembe. Sleti za Wales na Charnley Forest ya Uingereza ni laini na taratibu. Ukirithi moja, itunze, lakini sidhani ni ya kuitafuta kwa udi na uvumba. Lile la Kichina linalouzwa kwa namba 12,000 ni gumu, laini na la bei ya chini, na linaweza kumalizia wembe vizuri ukiwa na subira. Namba hiyo ipuuze. Hakuna jiwe la asili lenye namba ya kweli, kwa sababu punje zake hazikuchekechwa na mtu.

Yakiwekwa pamoja

Kwa visu vya jikoni vya kila siku nachagua Arkansas ya daraja la Soft, au lile jiwe la buluu la Ubelgiji. Kisu cha jikoni kinahitaji makali yenye meno madogo. Ukikilainisha kupita kiasi kitanyoa nywele za mkono lakini kitateleza juu ya ganda la nyanya. Kati ya hayo mawili, Arkansas humfaa mtu anayetaka jiwe la kuwekwa mezani na kusahaulika. La buluu humfaa asiyependa mafuta. Pembe ya nyuzi 15 hadi 20 kila upande inatosha. Kitafute kile kiuzi chembamba cha chuma kinachojikunja upande wa pili, geuza kisu ukiondoe kwa mikupuo myepesi.

Kwa kisu cha mfukoni au cha kuchonga mbao, chenye feleji ya kaboni, Hard Arkansas. Mbao zinataka makali yaliyolainishwa kuliko nyanya zinavyotaka.

Kwa visu vya Kijapani vyenye mteremko upande mmoja, jiwe la Kyoto la ugumu wa wastani, baada ya kinoo cha kiwandani cha 1000 na kingine cha 3000 au zaidi. Kwa visu vya Kijapani vyenye miteremko miwili na chuma kisichoshika kutu, usijisumbue. Kinoo kizuri cha kiwandani kitafanya kazi ileile kwa gharama ndogo.

Kwa wembe wa kukunja mambo ni tofauti, maana mgongo wa wembe hulala juu ya jiwe pamoja na makali na kushika pembe wenyewe. Mkono hauna kazi ya kutafuta pembe, una kazi ya kutokandamiza. Hapa nachagua coticule bila kusita kwa mtu anayenunua jiwe moja tu. Black au Translucent ya Arkansas nayo humaliza wembe vizuri, ila ni ya kumalizia tu, na inadai mikupuo mingi baada ya mteremko kuwa sawa kabisa. Jiwe gumu la Kyoto linaweza kutoa makali ya juu kuliko yote haya, na ndilo gumu zaidi kulichagua ukiwa mbali nalo. Lichukue kama jiwe la pili, si la kwanza.

Ukubwa nao una neno. Wembe unatosheka na jiwe la upana wa sentimita 4 na urefu wa 13 au 15, na vipande vya namna hiyo hupatikana kwa gharama ya chini sana kuliko vikubwa. Kisu cha mpishi juu ya kipande hicho ni mateso. Hapo tafuta upana wa sentimita 6 au 7 na urefu wa karibu 20.

Kabla ya kulipa, omba picha ya jiwe likiwa limeloweshwa. Maji huonyesha nyufa ambazo jiwe kavu linazificha: ufa hubaki mstari mweusi wakati uso mwingine umeshaanza kukauka. Uliza kama limesawazishwa, na kwa pande ngapi. Likifika nyumbani, lichore mistari ya penseli ya kupishana uso mzima, lisugue juu ya msasa uliowekwa kwenye kioo kinene, na uendelee mpaka penseli iishe kila mahali. Fanya hivyo kwa maji mengi, kila mara, bila kujali jiwe ni lipi. Vumbi kavu la silika likivutwa huharibu mapafu na hayarudi kuwa mazima, na hilo ni kweli kwa Arkansas kuliko jiwe jingine lolote katika haya.